Herufi 160 za Kuomba Msaada: Uhakiki wa Ujumbe wa Dharura Ituri

Wahakiki wa Kiswahili wameshasoma tenzi, riwaya na tamthilia, wakashuka hadi kwenye misemo ya kanga na maandishi ya nyuma ya malori. Upo utungo mmoja ambao watu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, wameutunga kwa zaidi ya miaka 20 na haujapata mhakiki: ujumbe wa dharura. Hauzidi ubeti mmoja. Mtunzi wake hapati nafasi ya kuusahihisha, na msomaji asipouelewa mara ya kwanza huenda isiwepo mara ya pili. Kama yapo maandishi ambayo fani yake ni suala la uhai, ni haya.

Kuna sababu ya kuuhakiki sasa. Mei 2025 mamlaka ya udhibiti wa mawasiliano ya Kongo, ARPTC, iliipa Starlink leseni baada ya kuipiga marufuku mwaka uliotangulia. Desemba 2025 Airtel Africa ilitangaza makubaliano na SpaceX, kampuni yenye Starlink, ya kuunganisha simu za wateja wake na setilaiti moja kwa moja, bila dishi wala mnara, katika nchi zake zote 14, Kongo ikiwemo, kuanzia 2026. Huduma hiyo ilitangazwa kuwa itaanza na ujumbe mfupi na data ya programu chache. Vodafone, kampuni mama ya kundi la Vodacom, nayo iliwekeza mapema katika AST SpaceMobile, kampuni ya Texas inayojenga setilaiti za kazi hiyohiyo. Kwa mtu wa Bunia, makao makuu ya Ituri, hizi ni habari kubwa. Ukitoka mjini kuelekea Djugu, Mambasa au kusini mwa Irumu, utapita vipande virefu ambavyo rezo, yaani mtandao wa simu, haipo, na humo ndimo vijiji vingi vilimoshambuliwa.

Matangazo ya wawekezaji huzungumzia eneo: nchi ngapi zitafunikwa, watu milioni ngapi watafikiwa. Hayo ni maswali ya ramani. Mhakiki wa fani ana swali lake: ujumbe utakaopanda huko juu una umbo gani, na umbo hilo lilichongwa kwa ajili ya nani? Nitasoma maumbo matatu: hojaji ya simu ya Apple, SMS ya herufi 160, na mazungumzo ya foni, yaani redio ya mawimbi mafupi ambayo Kongo mashariki imeitegemea tangu enzi za misheni. Hoja yangu ni kwamba umbo la ujumbe wa dharura hutoka kwa mpokeaji wake, na kwamba Ituri inaweza kununuliwa anga nzima bila faida kubwa ikiwa pale Bunia hakuna aliyeandaliwa kupokea.

Hojaji ya mtu mmoja

Novemba 2022 Apple ilifungua huduma ya kuomba msaada kwa setilaiti katika iPhone 14, kwanza Marekani na Kanada, kisha Desemba Ufaransa, Ujerumani, Uingereza na Ireland. Ilitenga dola milioni 450 kwa miundombinu yake, sehemu kubwa ikienda kwa Globalstar, kampuni yenye setilaiti zinazobeba ujumbe huo. Novemba 2024 ikaahidi takriban dola bilioni 1.5 zaidi, ndani yake dola milioni 400 za kununua asilimia 20 ya biashara hiyo. Huu ndio utungo wa dharura wa setilaiti uliowekewa fedha nyingi na kutangazwa sana. Tuanze nao.

Jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba hauanzi kwa kumwachia mtumaji aandike. Unamuuliza. Dharura yako ni ipi? Chini ya swali kuna milango mitano: tatizo la gari, ugonjwa au jeraha, uhalifu, kupotea au kunaswa, na moto. Ukigusa mmoja, maswali mengine yanafuata. Majibu yako, mahali ulipo, kiasi cha betri kilichobaki na taarifa zako za afya kama ulizihifadhi, vyote hufungwa pamoja na kubanwa hadi ukubwa wake upungue kwa wastani mara tatu, kisha hutumwa.

Kwa upande wa ufundi, hojaji hii imebuniwa na mtu anayeijua hofu. Mkono unaotetemeka huweza kuchagua pale unaposhindwa kutunga, na mwandishi yeyote aliyewahi kukaa mbele ya karatasi tupu anajua tofauti ya kazi hizo mbili. Isitoshe, maswali yamepangwa kwa kumfikiria msomaji: anayepokea hapati kilio cha jumla, anapata majibu ya yale ambayo angeyauliza mwenyewe.

Hata hivyo, kila hojaji ina mhusika wake mkuu, na ukiisoma hii kama unavyosoma tamthilia utamwona. Ni mtu mmoja. Ana gari. Yuko kando ya barabara ya mlimani au kwenye njia ya matembezi, na mahali fulani kuna polisi, zimamoto na gari la wagonjwa wanaongoja kuitwa, kila mmoja nyuma ya mlango wake. Gari lina mlango, kijiji hakina. Chukua tukio la aina iliyozoeleka Djugu: watu wenye silaha wanaingia usiku, nyumba zinachomwa, wengine wanajeruhiwa, waliobaki wanatawanyika porini. Mtumaji agonge mlango upi? Moto upo, jeraha lipo, uhalifu upo, na kupotea kupo. Fomu inamtaka achague kimoja, na atakachochagua ndicho kitakachoamua nani aitwe. Anayechagua moto mahali pasipo na zimamoto amejaza fomu sawasawa na hajasema kitu.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hulipitia haraka. Pale ambapo kituo cha dharura cha eneo hakiwezi kupokea maandishi, ujumbe wa Apple husomwa na wafanyakazi waliofunzwa, nao hukipigia kituo hicho simu kwa niaba ya mtumaji. Nusu ya umbo hili ni watu waliokaa kwenye viti, wenye vichwa vya sauti na orodha za namba. Setilaiti ni sehemu inayopigwa picha. Chumba kile ndicho sehemu inayookoa, nacho kimejengwa juu ya huduma ambazo nchi hizo zilikuwa nazo kabla hata ya setilaiti.

Sasa tuitazame mandhari. Apple yenyewe inaeleza kwamba chini ya anga wazi ujumbe huchukua sekunde kama 15, chini ya miti ya majani ya wastani zaidi ya dakika moja, na chini ya msitu mzito huenda usitoke kabisa. Msitu wa Ituri ni miongoni mwa mizito duniani. Ndani yake mna hifadhi ya okapi ya Epulu, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1996. Mtu anayetaka ujumbe wake upande lazima atoke mitini, asimame uwanjani na kuielekeza simu juu. Lakini waliokimbilia msituni walikimbilia huko ili wasionekane. Umbo la ujumbe linamtaka mtunzi ajitokeze, na usalama wake unamtaka ajifiche. Ukinzani huo haumo katika maelekezo ya simu, kwa sababu mhusika aliyefikiriwa na waandishi wa hojaji hawindwi na mtu.

Haki itendeke: iko mandhari ya Ituri inayolifaa umbo hili. Ni Ziwa Albert. Mvuvi wa Kasenyi au Tchomia aliyepigwa na dhoruba katikati ya maji ana anga wazi juu yake na hana mtu wa kumkwepa. Simu yake ikibaki kavu, setilaiti itamwona. Shida inabadilika sura: upande wa pili wa maji ni Uganda. Huduma za moja kwa moja kwa simu kama ile ya Airtel na SpaceX hutumia masafa ya redio yaliyogawiwa kampuni za nchi kavu, na mwale wa setilaiti ni mpana kiasi cha kuvuka mpaka bila kubisha hodi. Ndiyo maana Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano umeliweka suala hili mezani kwa mkutano wake wa masafa wa 2027. Hadi nchi mbili zikubaliane, mtu aliye majini kati yao anaweza kuwa mahali panapojulikana kwa digrii na dakika, na bado isijulikane ni mtumbwi wa nani utoke.

Mizani za SMS

Umbo la pili ni la zamani kidogo. Mwaka 1985 mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand, akiwa Bonn, alipiga chapa sentensi na maswali ya kawaida, akahesabu herufi, akaona kwamba karibu yote hayavuki 160. Kiwango hicho kikawa sheria ya SMS, na ujumbe wa kwanza ukatumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Tunadhani zama zake zimepita, lakini anga imezirudisha. Setilaiti za kwanza za Starlink za kuongea na simu za kawaida zilirushwa Januari 2024, na kitu cha kwanza zilichobeba kilikuwa maandishi mafupi. Kati ya simu iliyo mkononi na chombo kinachopita mamia ya kilomita juu, maandishi ndiyo yanayopita kwa urahisi.

Kwa msomaji wa ushairi wa Kiswahili, kikomo hiki si kigeni. Ubeti wa tarbia wenye mishororo minne ya mizani 16 una mizani 64, na kwa jinsi silabi zetu zinavyoandikwa unakaribia kuingia mzima ndani ya SMS moja. Nimetunga mfano ili tuusome. Si ujumbe wa tukio lolote la kweli:

Wamefika saa nane usiku. Nyumba saba zinaungua. Watu wamekimbilia mtoni upande wa jua kuchwa. Wawili wamejeruhiwa, mmoja mjamzito. Tusaidieni.

Una herufi 142 pamoja na nafasi na vituo, na silabi 62. Kwa kipimo cha mizani, umepungukiwa na mbili tu kuwa ubeti. Ndani yake mna wakati, tukio, mwelekeo wa wakimbizi, hali ya majeruhi na ombi. Kitenzi cha Kiswahili kinafanya kazi kubwa hapa: neno moja linambeba mtenda, wakati na tendo, kwa hiyo sentensi haihitaji viunzi. Ni lugha inayofaa utungo wa aina hii, kwa sifa na kwa kasoro zake.

Tuanze na kasoro, kwa sababu ndizo zinazoua. Mtenda wa sentensi ya kwanza ni kiambishi tu. Nani wamefika? Katika Ituri ukimya huo una historia. Kulitaja kundi lenye silaha, liwe CODECO, Zaïre au ADF, ni kudai jambo ambalo pengine hukuliona gizani, na kwa baadhi ya majina ni kunyooshea kidole kabila la jirani yako. Kiambishi kinamkinga mtumaji. Papo hapo kinamwachia msomaji pengo linaloamua kila kitu, kwa sababu kikosi kinachopelekwa dhidi ya watu watano wenye mapanga si kile kinachopelekwa dhidi ya kundi lenye bunduki nzito. Hojaji ingeweza kuliziba pengo hilo bila kumtia mtumaji hatarini: ni wangapi, wana silaha gani, wameelekea wapi. Hayo ni maswali ya macho, hayahitaji jina la mtu.

Angalia pia saa. Mzungumzaji wa Kiswahili akisema saa nane usiku, amemaanisha masaa mawili baada ya usiku wa manane. Karani aliyesoma kwa Kifaransa akiiandika haraka kama 8, daftari linasema asubuhi. Bunia inafuata saa ya mashariki mwa Kongo, na Uganda ng'ambo ya ziwa iko saa moja mbele. Mitambo ya setilaiti huhesabu kwa saa ya dunia, iliyo nyuma ya Bunia kwa masaa mawili. Ujumbe mmoja unaweza hivyo kuwa na saa nne tofauti, na kila moja ina mwenyewe anayeamini kuwa ni sahihi.

Halafu mahali. Nimeuacha mfano huu bila jina la kijiji kwa makusudi, maana ndilo kosa ambalo mtu aliyeko mahali hulifanya kwa urahisi: anayepaona haoni haja ya kupataja. Hapa teknolojia inastahili sifa kamili. Simu inapoambatisha vipimo vya mahali, inamsaidia mtunzi mahali anaposahau. Lakini vipimo hivyo ni vya simu. Watu walikimbilia mtoni, na simu huenda iko kilimani ilikotafutwa anga. Herufi 18 zilizobaki zingetosha jina la kijiji, na bado zinahitajika.

Lugha nyingine ya maandishi Ituri ni Kifaransa, na hapa SMS ina mtego usioonekana. Herufi 160 hupatikana tu ikiwa kila herufi imo katika orodha ya msingi ya mfumo wa GSM. Orodha hiyo ina é na è, lakini haina ô, ê wala û. Ikitokea moja tu kati ya hizo, ujumbe mzima hubadilishwa mfumo na kikomo hushuka hadi herufi 70. Simu nyingine huzivua herufi hizo alama zake kimyakimya, nyingine haziwezi. Sasa andika hôpital, forêt, brûlé: maneno matatu ambayo ujumbe wa dharura wa Ituri hauyakwepi. Mwalimu aliyefunzwa kuandika Kifaransa safi anaadhibiwa kwa usafi wake, ujumbe wake ukakatwa vipande viwili au vitatu ambavyo vinaweza kufika kwa kupishana. Kiswahili hakina adhabu hiyo hata kwa neno moja. Ni hoja ya kifundi kabisa ya kuifanya huduma ya dharura ya Ituri ianze kwa Kiswahili.

Tumalizie na neno la mwisho la mfano. Tusaidieni. Mwenye kuomba ni sisi, na anayeombwa ni nyinyi. Hiyo sisi ni sahihi kuliko mhusika mmoja wa hojaji ya Apple. Imembeba mjamzito na waliokimbilia mtoni. Ila nyinyi haina sura. Mtunzi hajui anazungumza na kamanda, muuguzi, redio au jamaa yake aliye mtaa wa Mudzi-Pela. Udhaifu mkubwa wa utungo huu uko hapo.

Foni na kiitikio

Linganisha na umbo la tatu. Foni haikutungwa kama barua. Ni majibizano yenye saa maalumu, karibu zaidi na ngonjera kuliko na shairi la mtu mmoja. Kituo kinaita, kituo kinaitika, ujumbe unasemwa, unarudiwa, unathibitishwa, kisha zamu inapita. Misheni zilizoendesha hospitali na viwanja vidogo vya ndege, Nyankunde ikiwa mojawapo, zilizoea nidhamu hiyo kwa miongo. Anayesikiliza hata kama hakuitwa anapata habari, kwa hiyo kijiji jirani kinaweza kuanza kufunga mizigo kabla amri haijatoka popote. Adui naye anaweza kusikiliza, na hilo ni gharama ya umbo lililo wazi.

Sifa kuu ya foni ni jinsi inavyoutendea ukimya. Kwa kuwa kuna saa ya kuitana, kituo kisichoitika kimeshasema kitu. SMS haina saa. Asiyeandika huenda yuko salama, huenda amekufa, huenda betri imeisha. Desemba 2009, katika eneo la Makombo, Haut-Uele, lililokuwa pamoja na Ituri ndani ya mkoa mmoja wa Orientale, waasi wa LRA waliua zaidi ya watu 300 kwa siku nne. Hapakuwa na mtandao wa simu. Dunia ilisoma habari kamili mwishoni mwa Machi 2010, Human Rights Watch ilipotoa ripoti yake. Baada ya hapo kanisa la Dungu na shirika la Invisible Children walijenga mtandao wa redio za mawimbi mafupi vijijini, wenye vipindi vya kuitana kila siku. Walichoongeza kilikuwa mitambo, lakini pia kilikuwa umbo: ratiba, zamu, na mtu wa Dungu ambaye kazi yake ni kusikiliza na kuandika.

Foni ina upande wake wa giza, nao ndio uliopata wasomaji makini kuliko wote. Kundi la waasi la UPC, la Thomas Lubanga, lilipoishika Bunia kuanzia Agosti 2002, jeshi lake, FPLC, liliwasiliana kwa foni, kwa redio za mkononi na kwa simu za setilaiti za Thuraya. Waendesha foni waliandika kwa mkono, katika madaftari, ujumbe uliotumwa na uliopokelewa. Madaftari hayo yalifika The Hague, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, yakawa ushahidi katika kesi ya Bosco Ntaganda, naibu mkuu wa majeshi wa FPLC, aliyetiwa hatiani Julai 2019 kwa makosa 18 na kuhukumiwa miaka 30 Novemba mwaka huo. Majaji na mawakili waliyasoma mstari kwa mstari: nani anatuma, nani anapokea, tarehe ipi, ujumbe huu unajibu upi. Kwa maana hiyo, wahakiki wa kwanza wa utungo huu walivaa majoho ya mahakama, na walichokihakiki ni maandishi ya wenye bunduki.

Hapo pana somo la fani ambalo ni chungu. Ujumbe wa askari ulikuwa na muundo kamili kwa sababu upande wa pili alikuwepo mtu mwenye wajibu wa kujibu. Teknolojia ya setilaiti haikuwa ngeni Ituri hata mwaka 2002. Ilikuwa mikononi mwa makamanda. Raia waliokimbia mwaka huohuo hawakuacha daftari. Hawakuwa na chombo, na hata wangekuwa nacho, hawakuwa na kituo cha kukiita.

Nani huamua ukimya

Utungo unaopita kwa kampuni na serikali una mhariri asiyeonekana. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, serikali ya Kinshasa ilisimamisha SMS nchi nzima kwa wiki kadhaa. Miongoni mwa waliolalamika walikuwa viziwi, ambao kwao SMS ndiyo ilikuwa simu yenyewe. Intaneti nayo ilifungwa baada ya uchaguzi wa Desemba 2018. Wapo wanaotumaini kwamba setilaiti itavuka vizuizi hivyo. Haitavuka. Huduma hizi huuzwa kupitia kampuni zenye leseni za Kongo, kwa masafa ya Kongo, na mkono uleule unaoweza kuzima mnara unaweza kuamuru mwale ufungwe. Leseni ya huduma ya dharura isiyotaja kwamba ujumbe wa dharura hauzimwi kamwe ina pengo katikati.

Anga pia inaweza kusema kwenda chini. Oktoba 2024, baada ya kimbunga Helene kuangusha minara kusini mashariki mwa Marekani, wadhibiti waliruhusu setilaiti za Starlink zitumike kwa muda kurusha matangazo ya tahadhari kwenye simu. Hilo ni umbo la nne, tangazo la mmoja kwa wote, nalo msikilizaji wa Radio Candip analijua vizuri, kwani redio hiyo ya Bunia imesoma matangazo ya watu tangu miaka ya 1970. Lina nguvu likiwa na chanzo kinachoaminika. Katika mkoa ulio chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, swali la nani anaruhusiwa kutangaza kwamba kijiji fulani kihame ni zito kuliko swali la chombo cha kutangazia.

Fedha iende wapi

MONUSCO, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ilishajaribu kulijibu swali la mpokeaji kwa mitandao ya tahadhari ya jamii: watu waliochaguliwa vijijini, simu au redio mikononi mwao, maofisa wa uhusiano upande wa pili. Ripoti za ujumbe huo zimekuwa zikihesabu tahadhari zilizopokelewa na zilizojibiwa, na huo ndio uhakiki wa kweli wa utungo huu, kwa sababu unausoma pamoja na jibu lake. Mitandao hiyo itakapobaki bila Umoja wa Mataifa, haina budi kupata mwenyewe.

Mwekezaji ataniambia kwamba haya ni ya serikali, yeye anauza mawasiliano. Apple haikuona hivyo. Iliweka wasomaji wake mwenyewe pale ambapo vituo vya dharura havikuweza kusoma. Na Kongo ina chombo cha kisheria cha kazi hii. Sheria ya mawasiliano ya Novemba 2020 inautambua Mfuko wa Maendeleo ya Huduma kwa Wote, FDSU, unaochangiwa na sekta yenyewe. Fedha za mfuko huo hutazamwa zaidi kama fedha za minara. Sehemu yake inapaswa kuwa fedha za wasomaji.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya maumbo haya ni hii. Hojaji ya Apple ina maswali mazuri na mhusika asiye wetu. SMS ina ufupi tunaouweza na msomaji asiyejulikana. Foni ina msomaji, jibu na daftari, lakini mitambo yake ni michache na masikio yake ni ya wote. Umbo linaloifaa Ituri litachukua maswali kutoka kwa la kwanza, Kiswahili na ufupi kutoka kwa la pili, na kiitikio kutoka kwa la tatu. Kwa vitendo maana yake ni chumba Bunia kinachofanya kazi usiku na mchana, chenye watu wanaosoma Kiswahili cha Ituri na wanaoweza kuwaita wenzao wa Kilendu, Kialur au Kinande. Fomu inayokubali dharura ya kijiji kizima na kuuliza yale ambayo macho yanaweza kujibu. Jibu la lazima kwa kila ujumbe ndani ya dakika zinazojulikana. Saa mbili za kuitana kila siku, ili ukimya uwe na maana. Na daftari linalotunzwa mahali ambapo mahakama inaweza kulisoma kesho.

Limebaki la chombo chenyewe. Simu inayoitwa ya kawaida katika matangazo ya setilaiti ni simu janja yenye 4G. Simu ya vitufe ya 2G, ambayo mkulima wa Djugu huichaji kwa jua na kuitia inite, yaani salio, kidogokidogo, haimo. Kama huduma itaanza na wenye simu janja pekee, basi muuguzi, mwalimu na shefu wa kila kijiji cha hatari wapewe chombo cha pamoja, na ujumbe wa dharura usidai inite wala usajili mpya. Chombo hicho kiwe cha watu kadhaa waliochaguliwa na kijiji. Kikiwa cha mtu mmoja kitamfanya aitwe mpelelezi, na mpelelezi huwa wa kwanza kutafutwa.

ARPTC na FDSU bado wana nafasi ya kuyaandika haya katika masharti kabla huduma haijazoeleka. Waandike kwamba hakuna kampuni itakayoruhusiwa kuuza Ituri huduma ya dharura ya setilaiti bila kuonyesha kwanza nani atasoma ujumbe Bunia, kwa lugha gani, na atajibu baada ya dakika ngapi. Kampuni isiyoweza kujibu maswali hayo matatu inauza SMS, na SMS haipaswi kuitwa huduma ya dharura.